Uzi: Mtoto njiti, jicho moja retina imeachia yote na lingine kipande. Tuuze kiwanja twende India au tufanyeje?

binti wa Gungu

Wakuu habari za mchana, naombeni mnisome mpaka mwisho maana naandika huku nimembeba mtoto na akili haijatulia. Tuko Kigoma hapa Gungu. Mdogo wangu alijifungua njiti wa wiki 28, kilo moja na gramu mia, mtoto akakaa wodi ya njiti na oksijeni puani, baadae kangaruu (kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi), Mungu saidia akaongezeka uzito mpaka tukaruhusiwa. Siku ya kuruhusiwa tuliambiwa chanjo, tukaambiwa kliniki ya uzito, habari ya macho hakuna aliyeigusa. Mama yetu ndo akaanza, huyu mtoto mbona ukimchekea anaangalia dari? Tukampiga picha na simu usiku, jicho la kulia katikati ya mboni peupe kabisa.

Tukapewa rufaa nje ya mkoa, daktari bingwa wa retina akamchunguza akasema ni ugonjwa wa macho wa watoto njiti. Kulia ni steji 5, retina, yaani ule utando wa nyuma ndani ya jicho unaopokea mwanga, imeachia yote. Kushoto ni steji 4A, imeachia kipande ila katikati bado pako salama. Anataka kulipasua la kushoto wiki hiihii, la kulia akasema tutaongea baadae ila tusijipe matumaini makubwa.

Sa hapo ndo familia imegawanyika. Babu anasema haiwezekani jicho bovu liachwe halafu zima ndo likatwe, kwaiyo tuuze kile kiwanja cha Katubuka twende India wafanye yote mawili. Mjomba hataki kabisa mtoto wa miezi mitatu aguswe na kisu. Shemeji kanyamaza, anashinda Kibirizi kwenye dagaa anarudi usiku analala. Mdogo wangu kaniambia dada hebu ulizia huko mtandaoni. Kuna aliyepitia hii kitu? Jicho la kushoto kwa nje ni zuri tu, jeusi linang'aa, ndo maana watu hawaelewi linapasuliwa nini.

Mzee wa Migebuka

Pole sana dada. Mi nilijua retina kuachia ni ya wazee wa sukari na mabondia. Mtoto hata kukaa hajui retina inaachiaje? Ngoja wataalam waje, nakaa hapa nasubiri.

Nesi wa Macho TBR

Mwadila wakuu. Niko Tabora, thieta ya macho nimesimama miaka mingi, sio daktari, kwaiyo neno la mwisho ni la daktari aliyemuona mtoto, mi naeleza tu ili mkienda kwenye kikao cha familia muwe na kitu cha kushika.

Mzee wa Migebuka umeuliza swali zuri. Mtu mzima mara nyingi retina inapata tundu, maji ya ndani ya jicho yanapenya kwenye lile tundu yanaibandua. Njiti hana tundu. Njiti retina yake INAVUTWA. Iko hivi, mishipa ya damu ya retina inaanza kuota kama wiki ya 16 ya mimba, inatokea nyuma pale mshipa wa fahamu unapoingilia inatambaa kwenda pembeni, upande wa pua inafika kama wiki ya 36, upande wa sikio mpaka karibu wiki ya 40. Huyu kazaliwa wiki ya 28, mishipa iko njiani. Akikutana na oksijeni nyingi kuliko aliyokuwa anaipata tumboni mishipa inasimama kuota. Baada ya wiki kadhaa ile sehemu isiyo na mishipa imekua inalia njaa ya hewa, inatoa kemikali ya kuita mishipa, na mishipa inakuja kwa fujo, inaota pale mpakani inapanda juu kuingia kwenye ute wa jicho. Baadae inageuka kovu, na kovu kazi yake ni kusinyaa. Likisinyaa linavuta retina.

Kwaiyo steji 1 hadi 3 ni mishipa tu, retina bado imekaa. Steji 4A imeanza kunyanyuka pembeni. 4B imenyanyuka mpaka katikati, pale tunapotumia kusoma na kutambua sura. Steji 5 imeachia yote, na ikishafika pale huwa inajikunja kama mwavuli uliofungwa, imesimama nyuma ya lenzi, huo weupe mliouona kwenye picha ndo wenyewe.

Sasa dada nisikilize hapa. Lile jicho zuri linalong'aa ndo lenye dharura. Lile jeupe halina haraka. Najua moyoni inakuja kinyume, kila familia niliyoiona inataka kupigania jicho linaloonekana bovu, pesa yote inaenda huko, na lile la kushoto linatoka 4A kwenda 4B watu bado wako kwenye kikao. Kovu halisubiri kikao, na hapa kuchelewa kunaweza kuhesabiwa kwa siku.

kijana wa Mwanga sokoni

Dada mi ningesema mwachane na hao madokta kwanza, bibi yangu alikua anadondoshea maziwa ya mama jichoni kwa watoto wachanga na asali mbichi kidogo, weupe ulikua unaondoka kabisa. Pia hv mtoto wa miezi 3 kupewa usingizi si ataamka zezeta?

Nesi wa Macho TBR

Weupe aliokuwa anautoa bibi ulikuwa matongotongo, kaka, uko juu ya jicho. Huu uko nyuma ya lenzi, hata umwage ndoo ya asali haifiki. Asali mbichi kwenye jicho la mtoto wa miezi mitatu itawapeleka hospitali na kidonda juu ya tatizo mlilokuwa nalo.

Na mwingine anayesoma uzi huu akaona weupe kwenye mboni ya mwanae, njiti au si njiti, asije akasema kumbe ni ile retina ya kule kwenye uzi akakaa nyumbani. Mboni nyeupe inaweza kuwa mtoto wa jicho, na inaweza kuwa saratani ya jicho ya watoto, ile inaua. Wiki hiyohiyo uende.

Usingizi una hatari, sifichi. Njiti akipewa dawa ya usingizi baadae anaweza kusahau kupumua, ndo maana halali nyumbani usiku ule, analala wodini na mashine ya kupima oksijeni kidoleni au mguuni, na mnataka hospitali yenye mtu wa usingizi aliyezoea watoto wadogo kabisa. Hilo ndo swali la kumuuliza daktari. Mambo ya uzezeta, kaka, yaweke pembeni.

Ngosha wa Urambo

Dada mimi ni baba, wa kwangu alifanyiwa jicho la kushoto, 4A kama huyu wenu. Acha nikueleze vile ilivyo maana wataalam wanaruka vitu.

Kwanza uchunguzi wenyewe ndo utakutoa machozi kuliko operesheni. Wanamdondoshea dawa ya kupanua mboni mara kadhaa, wanasubiri, halafu wanamfunga vizuri na kitenge kama mkate wa boflo, nesi anashika kichwa, wanaweka kile kiwaya cha kufungua kope, daktari amevaa taa kwenye paji la uso na lenzi mkononi. Mtoto analia mpaka anabadilika rangi. Mke wangu alitoka nje, mi nikabaki. Usimnyonyeshe akashiba muda huo, atatapika.

Operesheni sikuingia, ila daktari alinichorea kwenye nyuma ya bahasha ya rufaa. Akasema hakati jicho kama tunavyofikiria wengi, wanatoboa vitundu vitatu vidogo sana, kimoja cha maji, kimoja cha taa, kimoja cha kile kikataji. Wanakata zile nyuzi za kovu zinazovuta, ule ute wanautoa, lenzi wanaiacha mahali pake. Retina hawaigusi. Nikamuuliza sasa mnaibandika na nini, akacheka, akasema tukiacha kuivuta inarudi yenyewe taratibu, maji yaliyo chini yake mwili unayafyonza.

Na kweli ilichukua muda mrefu, kila tukirudi anasema bado bado imeanza kukaa. Sasa hivi ana miwani mizito, anaona karibu vizuri, anamjua kuku na anamjua bata, akiwa mbali anachanganya. Mimi natembea nae Urambo mjini ananivuta kwenye duka la biskuti mwenyewe.

Nesi wa Macho TBR

Ngosha umeeleza vizuri kuliko mimi. Niongezee kidogo kwenye vile vitundu maana ndo siri ya kazi na ndo maana sio kila daktari wa macho anafanya. Mtu mzima wanaingilia milimita 3 na nusu au 4 kutoka ukingo wa weusi wa jicho, pale ndani hakuna retina. Kwa njiti hiyo sehemu haijakua bado, ukiingia pale unatoboa retina, na retina ya mtoto ikitobolewa kwenye ugonjwa huu mara nyingi jicho limeisha. Kwaiyo wanaingilia karibu kabisa, kama milimita moja, halafu lenzi ya mtoto ni kubwa kulinganisha na jicho lake, ukilaza kifaa kidogo unaigonga linaanza mtoto wa jicho. Nimeshika taa nikiangalia hii kitu, daktari hapumui na sisi hatupumui. Na daktari mzuri anajua kuacha. Kuna kovu analiona kabisa, limeshikana na retina, analiacha, hachokonoi.

Upasuaji huu wa kuacha lenzi ulianza kuandikwa Marekani mwaka 1992, na kwa 4A kwenye mikono iliyozoea macho 8 mpaka 9 kati ya 10 retina inakaa. Kwa steji 5 inakuwa chini ya nusu, lenzi lazima itoke, na hata retina ikikaa wengi wanaishia kuona mwanga au kivuli cha mkono ukipita mbele. Ndio tofauti ya yale macho mawili dada yangu.

binti wa Gungu

Nimewasomea mama na mdogo wangu kwa sauti, mdogo wangu analia ila amesema afadhali ameelewa. Maswali mawili kutoka kwa babu. La kwanza, si wangempiga leza, mbona jirani yetu anasema njiti wa Dar alipigwa leza akapona bila kupasuliwa? La pili anasema kama oksijeni ndo imeharibu macho basi wauguzi wa wodi ya njiti wana kesi ya kujibu.

Nesi wa Macho TBR

Leza ni ya kabla. Inachoma ile sehemu isiyo na mishipa ili iache kuita mishipa, au wanapiga sindano ya dawa ndani ya jicho, ile dawa inayozuia hiyo kemikali. Ikigundulika imefika kiwango cha kutibiwa inatakiwa ndani ya siku mbili tatu. Huyo wa Dar alichekiwa mapema, wiki ya nne baada ya kuzaliwa au karibu na hapo, ndo bahati yake. Retina ikishanyanyuka leza haiishushi. Wakati mwingine wanaongeza leza au sindano kabla ya kupasua kama mishipa bado ina moto, ila sindano nayo ina ujanja wake, ikipigwa kovu likiwa limeshajengeka linaweza kusinyaa ghafla likavuta zaidi. Ndo maana msimwambie daktari "anza na sindano kwanza tuone". Mwacheni yeye apange.

La oksijeni namuachia mwingine, nina zamu.

TKR ya saa mbili

Hilo la oksijeni nalichukua mimi, nimefanya kazi na njiti. Mwambie babu taratibu. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza na daktari mmoja wa Boston, Terry, mwaka 1942, enzi hizo njiti Marekani wanajaziwa oksijeni kwenye vile visanduku vyao. Stevie Wonder, yule mwanamuziki, alizaliwa njiti 1950, ndo kilichomkuta. Mwaka 1951 daktari Kate Campbell wa Melbourne akaandika kwamba oksijeni inahusika, utafiti mkubwa ukathibitisha, basi dunia ikabana oksijeni. Unajua kilichofuata? Macho yakapona na watoto wakafa, waliobaki wengine wakapata mtindio wa ubongo. Kwaiyo bila ile oksijeni babu asingekuwa na mjukuu wa kumgombania. Kinachotakiwa ni kuipima, wengi wanalenga oksijeni ya kwenye damu isome asilimia 90 mpaka 95 kwenye mashine ya kidole, na kuwe na kifaa cha kuchanganya oksijeni na hewa ya kawaida. Wodi nyingi huku kwetu nesi mmoja ana njiti kibao, mitungi ni ya oksijeni tupu, kifaa cha kuchanganya hakuna. Kesi ya babu akaifungue kwenye bajeti, na akiifungua aniite niwe shahidi.

Ila la kuruhusiwa bila kupangiwa tarehe ya macho hapo ana haki ya kulalamika. Kikaratasi tu kwenye kadi ya kliniki kingetosha.

Kaliua Sauti

Habari zenu. Mimi naandika kwa simu inayosoma kwa sauti kwaiyo mkiona makosa mnivumilie. Sioni tangu utotoni, kwangu ilikuwa surua. Nimebaki na mwanga, yaani najua dirisha liko wapi na najua taa imewashwa.

Nimesikia mnasema mwanga kana kwamba ni kitu bure. Si bure. Najua saa ngapi kumepambazuka, najua mtu amesimama mlangoni, usiku najua umeme umekatika bila kuambiwa, na kwenye njia ya jua kali naweza kufuata kivuli cha ukuta. Kwaiyo nisingependa babu asikie kwamba jicho la kulia ni takataka.

Ila hapohapo niseme, kiwanja nisingekiuza kwa ajili ya mwanga. Huyo mtoto la kushoto likipona hahitaji mwanga wa kulia ili ajue dirisha. Na lisipopona, Mungu aepushie mbali, atahitaji shule, mashine ya nukta nundu, mtu wa kumpeleka na kumrudisha, na hizo ni hela za miaka. Mimi nilisomeshwa kwa ng'ombe wawili wa mzee, leo nafundisha. Kama zile ng'ombe zingepelekwa India mwaka ule sijui ningekuwa nafanya nini.

Mzee wa Migebuka

Mwalimu umeongea. Mi nilikuwa upande wa babu kusema kweli, nimehama.

kijana wa Mwanga sokoni

Ila India si wana mahospitali makubwa ya macho? Cjui kwann mnaipinga

Nesi wa Macho TBR

Hakuna anayeipinga. Aravind ya Madurai, Sankara Nethralaya ya Chennai, L V Prasad ya Hyderabad, ni sehemu zinazojua kazi hii na njiti wanawaona wengi. Tatizo ni hesabu ya muda. Mtoto hana pasipoti, mama hana pasipoti, viza, kiwanja kipate mteja wa kweli asiyewazungusha, na 4A inaendelea kuvuta. Daktari wa hapahapa nchini ameshamuona na ameshasema wiki hii. La kulia mkitaka maoni ya pili baadae mnaweza, hata kwa kutuma picha na ripoti ya kipimo cha mawimbi ya sauti kabla hamjakata tiketi. Wakisema kuna cha kufanya, pangeni.

Na hela ya sasa hivi, kabla hamjauza hata kuku, nendeni dirisha la ustawi wa jamii pale hospitali na barua ya mtendaji wa mtaa. Watu wanaona aibu wanakopa riba za ajabu wakati ofisi iko koridoni.

Ngosha wa Urambo

Halafu dada, kuhusu kurudi. Muulize daktari kama ameacha hewa au gesi ndani ya jicho. Kama ni gesi hakuna ndege mpaka aseme imeisha, ikipanda juu inatanuka jicho linauma na linaweza kuharibika. Sisi tulirudi na treni kwa sababu ya hela tu kumbe ndo ilikuwa salama.

binti wa Gungu

Wakuu narudi, samahani kwa ukimya. Jicho la kushoto limefanyiwa. Babu hakukubali, amekubali mama, akamwambia babu kiwanja kiko palepale na jicho halikai palepale, mzee akavaa koti akaenda msikitini hajarudi na hoja nyingine. Mjomba ndo alitoa nauli, mjomba yuleyule.

Lenzi imeachwa. Usiku ule mashine ililia mara mbili mtoto amesahau kupumua, nesi akamgusa mguu akaendelea, mdogo wangu hakulala kabisa. Sasa ana matone, moja la kupanua mboni na moja la kuzuia uvimbe. Ila leo daktari ameangalia akasema retina bado imenyanyuka kidogo, sa mbona imebaki imenyanyuka wakati wamekata zile nyuzi? Imefeli? Kwenye rufaa wanatutaka wiki ijayo tena.

Nesi wa Macho TBR

Haijafeli. Soma tena alivyoandika Ngosha, maji ya chini ya retina yanafyonzwa kwa wiki na wakati mwingine miezi. Daktari anachotafuta sasa ni kwamba haivutwi zaidi. Wiki ijayo nendeni, na inayofuata nendeni, hii safari ni ndefu hata retina ikikaa. Baadae mtapewa miwani akiwa bado mdogo kabisa, mtu asiicheke miwani ya mtoto wa miezi sita, bila hiyo ubongo haujifunzi kutumia jicho. Wataangalia presha ya jicho, wataangalia makengeza, na hata akiwa shule ya msingi lazima awe na kliniki maana retina ya hawa watoto inaweza kuachia ukubwani.

Matone osha mikono kwanza, mlaze chali, vuta kope la chini, tone moja, halafu bonyeza kidogo kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja ili dawa isishuke kwenda mwilini. Akiwa mwekundu sana usoni, moto, au moyo unakimbia baada ya lile la kupanua mboni, simamisha mpigie daktari. Jicho likivimba, likitoa usaha au akilia mfululizo usisubiri wiki ijayo.

mama Zuu Kasulu

Jamani nimesoma uzi wote. Nina njiti wa wiki 30, sasa hivi ana wiki tano tangu azaliwe, tuko nyumbani, hatujaambiwa chochote cha macho. Macho yake mazuri tu, hayana weupe. Nisubiri kliniki ya mwezi ujao?

Nesi wa Macho TBR

Mama Zuu usisubiri. Kesho asubuhi beba kadi ya kliniki na ile karatasi ya kuruhusiwa yenye wiki na uzito, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa kitengo cha macho, sema neno hili hili "njiti wa wiki 30, hajawahi kuchekiwa retina". Wakisema hawana mtu wa kuangalia retina ya mchanga waombe rufaa hapohapo, usikubali kupewa tarehe. Ukifika niandikie wamekuambiaje.